Chungu Hakingoji Mgeni: Kuonja Pombe ya Wimbi kutoka Busia hadi Tororo

Kabla hujakata tiketi ya basi la Busia, piga simu. Hoteli itangoja, mpigie kwanza mama anayepika. Pombe ya wimbi ambayo Wateso huiita ajono, na ambayo Uganda nzima inaijua kwa jina la malwa, ina maisha ya siku chache tu. Leo ni tamu, kesho imepata nguvu, keshokutwa imekuwa kali, na baada ya hapo inaelekea kwenye siki. Anayezuru mashamba ya mizabibu ya Dodoma au ya Stellenbosch anaweza kuchelewa wiki nzima na bado akaonja mvinyo uleule, kwa sababu umefungwa kwenye chupa. Huku mpakani, ukikosea siku umekosa kinywaji chenyewe. Kwa hiyo safari hii hupangwa kwa kurudi nyuma: anza na siku ambayo chungu kitakuwa tayari, kisha hesabu siku zako za njiani.

Kama huna ndugu wala rafiki pande hizi, usianze kwa kuzunguka na begi ukiuliza pombe iko wapi. Upande wa Kenya, mzee wa mtaa anajua nyumba zote zinazopika na zinazoheshimika. Upande wa Uganda, kazi hiyo ni ya mwenyekiti wa kijiji, wanayemwita wa LC1. Watu wa kawaida nao hukuelekeza vizuri ukiwauliza kwa upole: mhudumu wa gesti, muuza karanga sokoni, mwendesha boda boda. Hao wa mwisho ni wenyeji kweli, maana boda boda zenyewe zilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi za baiskeli. Swali zuri la kuuliza ni hili: "Wewe mwenyewe, jioni ukitaka ya wimbi mtupu, unaenda kwa nani?" Jibu lake lina thamani kuliko bango lolote la barabarani.

Sababu ya kupiga simu mapema utaielewa ukijua inavyopikwa. Unga wa wimbi, ule ambao Watanzania huuita ulezi, hukandwa kwa maji ukawa bonge gumu, ukafukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, ukaachwa humo kama wiki moja uchachuke. Ukifukuliwa unatoa harufu inayowasha pua. Hapo huja kazi ya jasho. Bonge linamegwamegwa na kukaangwa juu ya bati pana au nusu ya pipa, kuni zikiwaka chini, na mama anageuza bila kupumzika ili upande mmoja usiungue. Anachotaka ni rangi ya kahawia isiyokuwa nyeusi, na harufu ya moshi iliyoingia hadi ndani. Akiridhika, anautandaza juani ukauke kama changarawe. Pembeni kuna kimea: wimbi uliolowekwa ukaota, ukakaushwa, ukasagwa. Mkaango ukikutana na kimea na maji ndani ya chungu, siku 3 au 4 baadaye una ajono.

Sasa hesabu. Ule mkaango uliokauka unaweza kukaa kwenye gunia miezi kadhaa, na wapishi wazuri hawakosi akiba. Mwenye akiba anahitaji siku 3 au 4 kutoka simu yako hadi chungu chako. Asiye na akiba anahitaji karibu wiki mbili. Mpigie basi siku 6 kabla, ili naye apate nafasi ya kutafuta kuni na maji, na ukikubaliana naye siku, itimize. Amekupikia wewe. Usipotokea, wimbi wake unamwagika. Ukitaka kumtumia sehemu ya malipo mapema kwa simu, ni ustaarabu, na hakuna atakayeukataa.

Kuhusu msimu, wimbi hupandwa mvua za mwanzo wa mwaka zikianza na huvunwa katikati ya mwaka. Kuanzia Julai hadi Septemba nafaka ni nyingi, nyumba nyingi zinapika, na pombe ni ya wimbi mtupu. Desemba kuna pombe kila mahali, lakini pia kuna wageni, sherehe na haraka, na haraka ni adui wa kinywaji hiki. Aprili na Mei mimi nisingemshauri mtu aje kwa ajili ya kuonja: barabara za ndani ni tope, nafaka maghalani imepungua, na ndipo unapokutana na vyungu vilivyoongezwa mahindi, muhogo au hata sukari ili vijae.

Njia ninayoipenda ni hii: ingia kupitia Busia ya Kenya, zunguka Teso Kusini na Teso Kaskazini, vuka Malaba, malizia Tororo. Siku 3 zinatosha, 4 zinapendeza. Kutoka Kisumu matatu za Busia hupita Maseno na Ugunja. Kutoka Nairobi mabasi ya usiku hukufikisha alfajiri. Anayetoka Kampala aigeuze njia, aanzie Tororo.

Mpaka usikutishe. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Mgeni kutoka mbali anaweza kuomba viza ya pamoja ya utalii inayofunika Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Wote mbebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Uganda inaidai. Busia ina kituo cha pamoja cha mpaka, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni: unapigiwa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja, lile la nchi unayoingia. Malaba ni hivyohivyo, ila foleni ya malori yake inaweza kuwa ndefu kupindukia. Isikutie hofu; foleni hiyo ni ya mizigo, abiria na boda boda hupita kando. Badilisha pesa kidogo upande wa kwanza na nyingine upande wa pili, na hesabu noti mwenyewe mbele ya anayekubadilishia.

Jambo la sheria lisemwe wazi. Kenya ilifuta marufuku ya zamani ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, na sheria hiyo ikaruhusu pombe kutengenezwa na kuuzwa kwa leseni tu. Kwenye baa za kawaida mauzo huanza saa 11 jioni siku za kazi, na saa 8 mchana wikendi na sikukuu, hadi saa 5 usiku. Wapishi wengi wa vijijini wanaishi kwa wasiwasi wa msako wa polisi. Kwa hiyo muulize mzee wa mtaa nyumba ipi ina ruhusa, usimlazimishe mama kukuuzia asubuhi kwa sababu wewe una haraka, na usitupie mtandaoni picha ya nyumba yake yenye kuonyesha ilipo. Picha yako moja inaweza kumletea shida ambayo wewe hutakuwepo kuiona.

Siku ya kwanza iache kwa Busia na Teso Kusini. Mjini na kwa majirani Wakhayo na Wasamia utakuta busaa, binamu yake ajono: unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, ukaunganishwa na kimea cha wimbi, kisha ukachujwa na kunywewa kwa kikombe. Anza na hiyo. Ni nyepesi mdomoni, chachu yake iko mbele, na itakusaidia baadaye kujua wimbi mtupu unaongeza nini. Kikombe kimoja kinatosha. Kisha panda matatu ya barabara ya Malaba uelekee Adungosi, au ingia ndani Amukura, kwa yule mama uliyempigia simu.

Ukifika nyumbani kwa watu, salamu ndiyo tiketi. Kwa Wateso sema "Yoga", nawe utajibiwa "Yoga noi". Mama mwenye nyumba mwite "toto", mzee mwite "papa", na ukishukuru sema "Eyalama". Kwa Wasamia na Wakhayo "Mulembe" inakubalika kila mlango. Kaa unapoonyeshwa. Sukari kilo moja na sabuni ya kufulia ni zawadi isiyomwaibisha mgeni wala mwenyeji, nayo ni mbali na malipo ya pombe.

Chungu huletwa katikati, viti vikakizunguka. Ndani kuna uji mzito wa rangi ya udongo, punje zikielea juu. Mama anamimina maji ya moto kutoka kwenye birika, taratibu, akizungusha ukingo wote. Povu jeupe linainuka, punje zinapanda nalo, na harufu ya mkate uliookwa kwenye moshi inakujia kabla hujagusa chochote. Kisha anachukua mrija, ananyonya yeye kwanza mbele yenu nyote. Hapo ndipo wengine hupewa ya kwao. Mrija ni mrefu, mara nyingi unapita mita moja, na kwenye ncha ya chini una kichujio kidogo kilichosukwa, kinachozuia machicha yasipande. Siku hizi wengi hutumia mpira wa plastiki wenye kipande cha wavu wa waya. Unafanya kazi, ila una ladha yake yenyewe, na kama kuna mrija wa asili omba huo.

Teknolojia hiyo ni kongwe kuliko tunavyodhani. Mwaka 1897 huko Maikop, Kaskazini mwa Kaukazi, wachimbaji walifukua kaburini mirija 8 ya dhahabu na fedha yenye urefu unaozidi mita, na kwa zaidi ya karne moja wasomi wakadhani ni fimbo za kifalme au nguzo za hema. Mwaka 2022 watafiti wa Urusi walionyesha kuwa ni mirija ya kunywea pombe ya nafaka kutoka chungu kimoja, ikiwa na vichujio kwenye ncha, ya zaidi ya miaka 5,000. Mzee yeyote wa Amukura angewaambia hivyo siku ya kwanza.

Adabu za chungu usizichukulie kama mapambo. Mwanaanthropolojia wa Marekani Ivan Karp, aliyeishi na Wateso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 insha nzima kuhusu unywaji huu, kwa sababu aliona ndipo mahali ambapo watu huonyeshana kama wanaaminiana. Shika mrija kwa mkono wa kulia. Usipulize ndani, hata kwa mzaha. Usipige chafya ukiwa umeelekea chungu. Usikoroge. Ukitaka kutoka nje, mwambie jirani yako na umwachie mrija badala ya kuuacha umesimama peke yake. Kama umekuja na mkwe, uliza kwanza, maana wakwe hawachangii chungu. Na ukumbuke kinywaji hiki si cha starehe tu: kwa Wateso mtoto mchanga hupewa jina kwa kidole kilichochovywa kwenye ajono na kuwekwa mdomoni mwake. Ukiona watu wazima wamenyamaza kidogo kabla ya kuanza, nyamaza nao.

Sasa kuonja. Mvuto wa kwanza uwe mdogo, uuache ulimini. Utasikia joto kwanza, halafu moshi wa mkaango, kisha uchachu, na mwishoni utamu mdogo wa kimea unaobaki kooni. Hivyo vinne vikija kwa mpangilio na hakuna kinachomeza kingine, mpishi wako ni fundi. Moshi ukizidi na kuacha uchungu, mkaango uliungua. Uchachu ukikukunja uso, umechelewa siku moja. Utamu ukiwa mkali mbele na nyuma pakawa patupu, kuna sukari. Ukisikia uzito wa wanga usio na harufu ya nafaka iliyookwa, muhogo au mahindi yameingia. Kila maji ya moto yanapoongezwa ladha hubadilika: maji ya kwanza yana nguvu na moshi, ya tatu ni laini na ndiyo mimi nayapenda zaidi. Kwa hiyo usiondoke baada ya mivuto miwili kama mtu anayekagua. Anayeondoka mapema ameonja theluthi moja ya kinywaji. Maswali ya kumuuliza mama ni machache: wimbi umetoka shamba gani, ni siku ya ngapi, umekaangwa na kuni za mti gani. Muulize akiwa amekaa, si akiwa jikoni.

Chungu kimoja kwa siku kinatosha, viwili ndiyo mwisho. Nguvu yake hailingani na ya pombe kali, lakini unakunywa kwa saa nyingi ukiwa umekaa, na miguu hukuambia ukweli unaposimama. Anayekuendesha asinywe, na hapo nawahesabu waendesha boda boda pia: mlipe akungoje na soda, au panga wa kurudi naye mapema.

Siku ya pili, asubuhi na mapema, nenda Kakapel. Ni mwamba wenye michoro ya kale katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, uliotangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 2004 na ulio chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuna maumbo ya duara na kuna ng'ombe, vizazi juu ya vizazi. Lakini cha mwonjaji kiko chini ya mwamba, udongoni. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa makumbusho hayo, walichapisha matokeo ya uchimbaji wao hapo: kunde za miaka ipatayo 2,300, na mamia ya punje za wimbi za angalau miaka 1,000. Simama pale, angalia mashamba ya wimbi yaliyo chini yako, halafu jioni ukanywe. Sijui mahali pengine Afrika Mashariki unapoweza kuyafanya hayo mawili kwa siku moja.

Mchana vuka Malaba. Kutoka hapo hadi Tororo ni kilomita zisizofika 20 kwa taksi, jina ambalo Uganda huipa matatu. Mwamba wa Tororo utauona kabla hujauona mji. Uupande siku ya tatu asubuhi, kabla ya tone lolote, maana sehemu za juu zina ngazi za chuma na mlevi hana kazi kule. Hewa ikiwa safi, Mlima Elgon wote uko mbele yako kaskazini.

Jioni ya Tororo ni tofauti na ile ya Amukura. Hapa malwa huwa na vikundi. Wanaume, na siku hizi wanawake pia, wana mahali pao, saa yao na viti vyao; vikundi vingi vina mwenyekiti na mweka hazina, vina michango ya msiba na faini kwa anayeleta ugomvi. Mgeni haketi tu. Mwombe aliyekuleta akutambulishe kwa mwenyekiti, jitaje jina na unakotoka, changia chungu au nunua kipimo cha kuongeza, kisha usikilize zaidi ya unavyosema. Utasikia Kiteso, Kidhopadhola, Kiswahili na Kiganda kwenye mduara mmoja. Wapadhola nao wana pombe yao ya wimbi, kongo, na mabishano kuhusu nani anakaanga vizuri zaidi hayaishi. Usitoe hukumu hadharani. Mwambie kila mmoja ulichokipenda katika chungu chake.

Afya. Nunua mrija wako mwenyewe siku ya kwanza na uubebe. Hakuna atakayeudhika, hasa tangu korona, iliyofanya baa za Uganda zifungwe kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 na kuwafundisha watu hatari ya kupokezana. Hakikisha maji yanayomiminwa yametoka jikoni yakichemka. Kunywa maji safi kati ya vyungu. Na kuna mstari usiouvuka: chang'aa na waragi isiyo na lebo usionje hata kidogo, hata ukiambiwa ni ya nyumbani. Pombe iliyotiwa methanoli huua na kupofusha. Mei 2014 iliwaua watu wengi katika kaunti za Embu, Kiambu na jirani zake, na hawakuiona tofauti kwa macho wala kwa harufu.

Kula kabla na wakati wa kunywa. Karanga za kukaanga, muhogo wa kuchemsha na omena ndio wenzi wa chungu, na mvua zikiwa zimenyesha ulizia kumbikumbi waliokaangwa. Atap, ugali wa wimbi na muhogo wa Wateso, pamoja na mboga ya kunde iliyotiwa karanga, ni mlo wa kuutafuta kwa makusudi. Asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari yake, asibaki hotelini. Aagize uji wa wimbi uliochachushwa. Una moyo uleule wa nafaka, na kiti chake kwenye mduara kipo.

Ukitaka kubeba kumbukumbu, beba unga wa wimbi na mrija, na uvitaje kwa afisa wa forodha unaporudi. Pombe yenyewe iache. Kwenye dumu, ndani ya basi lenye joto, itaendelea kuchacha mpaka ifungue kifuniko yenyewe. Mrija ukifika nyumbani, pitisha maji yaliyochemka mara mbili, uning'inize ncha yenye kichujio ikitazama chini, na uukaushe kivulini, kwa sababu jua kali huupasua.